Bega la Sweta

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kushona vizuri mno. Binti wa jirani, wa darasa la pili, aliniletea sweta la shule limechanika begani. Ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua mitumba na kuiunganisha upya, na kwa kuwa sikufundishwa na fundi yeyote, naogopa sana kasoro. Nilitafuta uzi wa kijani kilekile, nikarudia mara tatu, mpaka mimi mwenyewe sikupaona palipochanika.

"Nani kalivuta hivi?"

"Nilianguka, fundi."

"Siku nyingine anguka taratibu. Uzi wangu unaisha."

Hakucheka. Baada ya wiki mbili alilileta tena, bega lilelile. Kisha tena.

Hapa Maisaka tumepanga vyumba vya mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Mtoto akipigwa, watu huongeza sauti ya redio. Mimi sina redio. Jioni baba yake alipoanza kufoka, na binti kulia kama mtu aliyezibwa mdomo, nilikanyaga cherehani kwa kasi zaidi.

Siku moja mwalimu wake wa darasa alikuja kupunguza gauni. Nikamuuliza binti yule anaendeleaje.

"Yule? Hana neno. Mpole, na sweta lake halina hata uzi uliochomoza."

Nikamwambia nimelishona mara tatu, bega hilohilo.

Mwalimu akasema, "Na mimi kila siku nawaambia wenzake wamuige."

Nilianza kwa mjumbe wa mtaa.

"Shikamoo, mzee. Yule mtoto wa jirani anapigwa."

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado."

"Mtoto je?"

"Sina."

"Basi ukimpata, uje unifundishe kulea."

Mwalimu akanipeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Usiku kucha nilikuwa nimeandika maelezo, nikichana karatasi kwa sababu ya herufi mbaya. Afisa alifika nyumbani kwao. Baba alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti. Mtoto alipoulizwa, alisema huwa anaanguka. Mama yake aliangalia chini. Afisa akaahidi kurudi. Nimemfuata ofisini mara mbili. Anasema jambo lipo kwenye faili, na kwamba mtoto mwenyewe hajasema kitu. Hajasema kwa sababu anajua atalala wapi.

Bado wanaishi pale, upande wa pili wa ukuta, na bado siku nyingine namsikia.

Kilichobadilika ni kidogo. Mama yake amekubali binti akitoka shule afanyie kazi zake kwenye meza yangu ya kukatia, mpaka giza liingie. Baba akianza kufoka, nasimamisha cherehani, naenda kubisha hodi na kuomba kiberiti. Na sweta likichanika, silishoni mpaka mwalimu aone.