Nilichuja Dizeli kwa Pamba ya Mama Kabula

Mjinga ni mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta.

Nilichukua pamba, nikaishindilia kwenye faneli, nikachujia dizeli ya lori langu. Pamba! Sekondari tulichuja maji ya tope kwa pamba, yakatoka maangavu, mwalimu akanisifu. Sifa ile ilinikaa kichwani miaka yote ikingoja siku ya kuniumbua.

Lori lenyewe kuukuu. Lilichoshwa na machimbo ya Geita kabla ya kuja kunichosha mimi hapa Segese. Nami, siwafichi, ni mtu wa nyumbani. Majirani wananiita Kuku Anayeatamia. Pamba yao ilikuwa tayari tangu kiangazi, wakaniomba niipeleke Shinyanga. Mimi kila siku kesho, kesho. Kesho ikaja na mawingu.

Jirani yangu Mama Kabula alipakia wa kwanza, kwa hiyo magunia yake yakakaa chini kabisa. Mavuno yake yote ya mwaka! Na pamba ya kuchujia nilimwomba yeye huyo huyo.

"Ya nini, Baba Milembe?"

"Ya sikio, linaniuma." Nilidanganya nisichekwe.

Tukaondoka, wenye mali wamekaa juu ya mzigo. Katikati ya mto wa mchanga, mkavu kabisa, injini ikaanza kukohoa. Ikaishiwa nguvu. Ikanyamaza. Upande wa mawingu radi ikapiga. Anayeijua mito yetu anajua: mvua inanyesha mbali, maji yanakukuta umesimama pakavu.

"Shuka utazame!" Mama Kabula alifoka. "Au umeamua kuatamia na huku?"

Nikalegeza skrubu ya kutolea upepo ulionaswa kwenye njia ya mafuta, nikapampu kwa mkono. Kama ni upepo, hutoka povu kwanza, kisha mafuta. Halikutoka povu wala tone. Basi mafuta hayafiki, na tangi limejaa! Nikapampu tena. Na tena. Ole wangu! Pa kutazama palikuwa pamebaki tangini tu, na moyo wangu ulishajua kuna nini huko.

Mchanga chini ya magurudumu ukaanza kulowa.

Watu wakaanza kushusha magunia, wakiyakimbiza ukingoni mgongoni. Ya juu yakapona. Walipofikia ya Mama Kabula, maji yalikuwa magotini, yanavuta miguu. Wabebaji wakaanguka. Gunia moja likaenda na maji, mengine yakagaragara kwenye tope.

Hapo ndipo nikafungua bomba pale linapotoka tangini. Kavu! Nikachokoa tundu kwa waya, nikavuta. Ukatoka uzi mweupe, kisha donge zima la pamba, na dizeli ikanirukia usoni. Nikafunga bomba, nikatoa upepo. Injini ikawaka, tukapanda ukingo.

Lori likapona. Pamba ya Mama Kabula, iliyolowa na kujaa tope, mnunuzi hakutaka hata kuigusa.

"Lilikuwa na nini lori lako?" Mama Kabula akaniuliza.

Ningesema! Badala yake nikajibu, "Dizeli chafu ya Mzee Hamisi." Donge la pamba lilikuwa mfukoni mwangu.

Mzee Hamisi ndiye anayetuuzia mafuta hapa kwetu, dukani kwake. Siku ya gulio Mama Kabula alisimama mlangoni pake akamtukana mbele ya umati: mwizi, muuza uchafu, umeniua! Mzee wa watu aliapa mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyemsikiliza. Wateja wakamkimbia. Na mimi? Nyumbani, jamani! Nimejifungia, nasema sikio linauma.

Wenye malori, nisikieni. Pamba huacha nyuzi, na nyuzi hujisokota ndani ya bomba. Acheni dizeli itulie kwenye pipa, mchuje kwa kitambaa kisichochambuka. Na bomba likiziba, tazama kwanza ulichotia wewe, kabla hujalitaja jina la mtu!

Jana nilishindwa kula. Nikamwendea Mama Kabula, nikaliweka lile donge miguuni pake, nikasema yote. Nilitazamia mwiko wa kichwa. Aliligeuza kwa kidole, akalinusa, akanitazama.

"Pamba nitalima tena," akasema. "Yule mzee nilimtukana kwa mdomo wako. Inuka, Baba Milembe, vaa viatu twende dukani, na atakayeongea ni wewe."