Stata ya Bi Tokie

Bi Tokie Hamano ana miaka themanini na moja, na gari lake dogo la otomatiki lina ishirini na mbili. Nyumba yake iko juu kabisa mlimani. Basi la huko lilishafutwa, na mumewe Shigeo alifariki mwaka juzi. Bila gari hafiki sokoni, hafiki kaburini kwa mumewe, na hana wa kuzungumza naye.

Majirani ndio waliomwambia kwamba gari linasaga meno kila akiliwasha. Akaniletea gereji. Nikampokea kama tunavyopokea wateja: nikainama, nikachukua ufunguo, nikamkaribisha ofisini anywe chai. Mteja kushika gari lake ndani ya gereji yangu ni mimi kukosa adabu. Nikaliwasha mwenyewe, halikusaga. Nilipofungua stata, ile mota ya kuwashia injini, nikakuta meno ya gia yake yamelika kwa mbele, nikafunga nyingine. Wiki tatu baadaye akarudi na malalamiko yaleyale. Nikaliwasha mara ishirini, halikusaga hata mara moja. Nikamlaumu aliyeniuzia stata, nikalaumu na unyevu. Mimi ni mwepesi wa kulaumu.

Mara ya tatu alikuja na binti yake Chinami, anayeishi mjini. Chinami hakuzungusha maneno: gari likishindikana leo, kesho leseni ya mama inarudishwa polisi, kama walivyokwisha kurudisha wazee wengine. Bi Tokie aliangalia viatu vyake.

Nilikuwa nimeishiwa ujanja. Nikamwacha Chinami na chai yake, nikamwomba Bi Tokie aliwashe mwenyewe, nami nikakaa kiti cha pembeni. Akazungusha ufunguo. Injini ikawaka vizuri. Akasubiri, akakunja uso, akazungusha tena. Krrr! Stata ilikuwa inasukumwa kwenye meno ya injini yanayozunguka tayari.

Nikamsogelea sikioni. "Bi Tokie, lilikuwa limeshawaka."

"Limewaka? Mbona kimya?"

Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya kijiti cha gia, ausikie mtetemo. Ningeweza kuishia hapo: awe anapapasa kwanza, na Chinami aambiwe stata imepona. Nilitamani sana. Lakini njia yake inakatiza reli, na pale kuna kengele tu, hakuna kizuizi. Nikamwambia kwamba stata ni nzima, ila masikio yanahitaji daktari. Kwamba ufunguo nitakaa nao mpaka apate vifaa vya kusikia. Na kwamba Chinami lazima ajue. Nilijiona katili.

Hakukasirika. Mkono wake ulibaki kwenye gia.

"Tangu Shigeo aondoke, nyumba imekuwa kimya," akasema. "Birika kimya, ndege kimya. Nikadhani ndivyo kufiwa kulivyo."

Akazima gari, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akaenda ofisini kumwambia binti yake mwenyewe.