Salamu Ndefu za Mzee Ndahani Hewani

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu huniuliza kama niko sawa. Niko sawa kabisa! Sogeza kiti nikusimulie, maana nimesikia umepata kazi redioni na Jumatatu unaanza kipindi cha asubuhi. Hongera sana. Nimefurahi mpaka nimemwambia muuza mboga, naye hata hakuniuliza.

Mimi nami nilianza kipindi kama hicho nikiwa msichana tu, hapa hapa Dodoma, kwenye redio moja ndogo ya jamii kule Makole. Nzuguni hii iliyojaa nyumba leo, wakati huo ilikuwa mashamba ya mtama, na mtu akikuambia anakwenda kujenga huko unamwonea huruma. Kipindi chetu kilikuwa cha mambo ya mji: maji, viwanja, soko, ngoma, nani kaahidi nini na kakwamia wapi. Na watu walitusikiliza hasa. Ukiona fundi cherehani ameacha kushona, ujue diwani wake anaulizwa maswali.

Asubuhi hiyo nilikuwa na wageni wawili kutoka Zuzu, nje kidogo ya mji. Mmoja ni Mzee Ndahani, Mgogo mfugaji, shuka begani na fimbo mkononi, na hiyo fimbo alikataa katakata kuiacha mlangoni. Wa pili ni Shabani, Mrangi wa Kondoa, mtu wa makamo aliyenunua shamba Zuzu akapanda zabibu. Ng'ombe wa mzee walikuwa wakipita kando ya shamba hilo kwenda kunywa maji lamboni. Siku moja wakaingia, wakala mizabibu. Shabani akakasirika, akaifunga njia kwa miiba.

Ilikuwa kiangazi, na jua letu unalijua. Ng'ombe ikabidi wazunguke mbali kufuata maji. Walikonda mbavu nje, na ndama wakaanza kufa. Njia isingefunguliwa haraka, mzee angelazimika kuhama na mifugo yake, aache mahali alipozaliwa. Hilo ndilo lililowaleta studio.

Meneja wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema ila alipenda ugomvi wa watu wengine. Akanivuta pembeni. "Leo nataka moto," akasema. "Usiwape nafasi ya kupoa. Swali la kwanza: nani mwongo?"

Nikawasha kipaza sauti. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba. Akawasalimia wasikilizaji kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha akamgeukia Shabani, nikajua ndiyo kwanza ameanza. Unazijua salamu za wazee wetu, si za kupita njia. Umeamkaje? Nyumbani wameamkaje? Kuku wazima? Kondoa mwaka huu mvua zilinyesha? Wazazi huko wana afya? Anauliza, anangoja jibu, analipokea kwa "eeh" ndefu, ndipo anauliza lingine. Shabani anajibu kwa mkato, uso ameukunja.

Nyuma ya kioo meneja anapitisha kidole shingoni: kata, kata! Nikasema kwa heshima, "Babu, muda wetu mfupi, naomba tuingie kwenye mada."

Mzee akanitazama. Loo, yale macho! "Binti," akasema, "mada gani hiyo? Mtu sijamjulia hali, nitagombana naye vipi? Hebu nyamaza kidogo."

Hewani hivyo, mji mzima unasikia! Nikanyamaza. Na nikuambie, sijisifu, ingawa nikijisifu nani atanizuia: kunyamaza kule ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya redioni. Meneja alikuwa anarukaruka kule nyuma kama kuku aliyefumwa jikoni, mimi nikaangalia pembeni.

Mzee akaendelea. "Na mke wako, hajambo?"

Shabani akasita. Halafu uso ukamfunguka, atake asitake. "Amejifungua, mzee. Juzi. Mtoto wa kike. Ndiye wa kwanza, na tulimngoja sana."

Nikaona fimbo inainuka, nikasema moyoni, leo tumekwisha. Kumbe mzee anaigonga sakafuni. "Umepata mtoto? Na mimi jirani yako nikasikie redioni, pamoja na watu wa stendi?"

"Tulikuwa hatusemezani, mzee wangu."

"Hatusemezani mambo ya ng'ombe! Ya mtoto nani alikuambia hatusemezani?" Sasa alikuwa amesimama. "Nimetoka nyumbani nije nikugombeze kwa ajili ya njia, kumbe una kosa kubwa zaidi. Mzazi yuko ndani, ndugu zake wote wako Kondoa. Anakunywa nini? Nani anampelekea maziwa?"

Shabani akasema, kwa sauti ya chini, kwamba maziwa wananunua mjini.

"Wananunua! Na zizi langu liko hapo, ukikohoa nakusikia!" Mzee akaketi, akashusha pumzi. "Ng'ombe wamekonda, lakini bado wako wanaotoa kidogo. Jioni ya leo mke wangu atampelekea mzazi kibuyu. Ila niambie, baba, mama wa watu atapita wapi? Si umefunga?"

Weee! Shabani alicheka, mwanangu. Alicheka na machozi yakamtoka, na mimi nilipomwangalia nikashindwa kujizuia. "Nafungua," akasema. "Nafungua leo hii, mzee wangu. Ila mizabibu yangu..."

"Mizabibu yako waliila, nakubali, na unisamehe," mzee akasema. "Tutapanda ua wa minyaa pande zote mbili za njia, mimi na wewe. Ng'ombe wapite katikati, wasione hata jani."

Simu ya studio ikaanza kulia, ikawa haiachi. Mama mmoja anampa mtoto jina. Mwingine anauliza nyumba iko wapi apeleke unga wa uwele. Mrangi mmoja anawatania Wagogo, wasije wakamlisha mtoto wa kwao mlenda kabla hajaota meno. Meneja wangu aliyetaka moto anajifuta macho kwa tai. Diwani naye akaingia mwishoni na hotuba yake ya usuluhishi, akatukuta tunakunywa chai. Akaomba angalau aseme kwamba alikuwepo. Tukampa kipaza sauti, wanasiasa nao ni watu.

Jumapili tukaenda Zuzu. Njia ilikuwa wazi. Akina mama wa Kigogo walipita hapo hapo na ngoma zao za muheme, wakafika mbele ya nyumba ya Shabani, wakazibana mapajani, wakapiga! Shabani kasimama mlangoni na mtoto mikononi, na kule nyuma ng'ombe wanakwenda zao lamboni bila haraka. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Mzee Ndahani hakuhama. Alizeekea pale pale, na yule mtoto alikua akimwita babu. Mzee alipokuwa haoni vizuri tena, binti huyo ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka zizini asikie ng'ombe wake wakirudi.

Basi, mwanangu, wewe unakwenda kukaa kwenye kiti kama kile. Watakuambia wasikilizaji wanataka ugomvi. Usiwaamini. Mgeni akiingia studio, awe waziri, awe muuza karanga, muulize kwake kukoje, kisha ufunge mdomo ungoje jibu. Kimya hewani kisikutie hofu, pengine mtu anatafuta pa kuanzia. Sikuambii uwe mpole kupita kiasi. Maswali makali yaulize, tena diwani mbane mpaka atoe jasho, mji huu unakua na watu wana haki ya kujibiwa. Lakini umjulie mtu hali kwanza. Ukishamjua, hata ukimbana ataona unambana kwa haki, na majirani wawili wakitoka mbele yako watakuwa bado wanaweza kupelekeana maziwa.

Haya, inuka, nenda. Mungu akupe sauti ya kufika mbali na masikio ya kuwasikia walio karibu. Akupe majirani wanaokuulizia, na mvua ya mwaka huu ikukute umeshapanda. Jumatatu nitawasha redio mapema, na ole wako nikusikie unamkatiza mtu mzima!