Simu Chini ya Kawa

Wanawake wa mtaa wao pale Temeke walimwonea wivu Mwanaasha, wala si bure. Mwaka ule wa tisini na saba, wenzake wakirauka kuwahi kazini mjini, yeye alivuka korido tu, kanga kiunoni, keshafika. Shirika alikokuwa mpiga chapa lilipouzwa na watu kupunguzwa, bosi wake wa zamani, Bwana Leodegar, alifungua ofisi yake mwenyewe huko Posta. Akamletea Mwanaasha kompyuta nyumbani na kumvutia simu mpaka sebuleni. Kazi zilikwenda na kurudi kwenye disketi. Maelekezo yalikuja kwa simu.

Na simu ile, jamani, haikuwa na haya. Ililia alfajiri, ililia Ijumaa watu wakienda kuswali, lakini saa yake hasa ilikuwa saa saba mchana, sinia la wali likishatua mkekani. Mumewe, Badru, aliyeshona nguo barazani hapohapo, hakuwa mtu wa kula peke yake na mkewe yupo. Mwanaasha akinyanyuka, naye huzuia tonge. Akirudi, wali umepoa na hamu imekwisha. Alikonda. Moyo ulimdunda hata simu ikiwa kimya, lakini kuacha kupokea aliogopa: kazi hii ikiponyoka, nyingine ya kufanyia nyumbani ataitoa wapi?

Siku moja, katikati ya chakula, kengele ya baiskeli ya muuza barafu ikalia nje. Mwanaasha akaruka, akanyakua simu kwa mkono wenye wali.

"Haloo, bosi?"

Badru alicheka mpaka machozi. Alipomwona mkewe bado kaibana simu sikioni, akingoja kujibiwa, kicheko kikamkauka.

"Mama Farida, mie sikuoa simu."

Neno lile lilimwingia. Kesho yake, kabla ya kuketi, Mwanaasha alichukua kawa kubwa aliyoisuka mwenyewe kwa ukindu, ile ya kufunikia chakula, akaifunika simu. Kwao, kilichofunikwa kawa hakiguswi mpaka wakati wake ufike. Basi na simu nayo ingoje saa nane. Ililia humo ndani mara tatu, mara nne. Alitafuna huku machozi yakimlenga, lakini hakunyanyuka. Saa nane akampigia bosi mwenyewe, naye bosi akaguna tu. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu.

Siku ya nne, wamekwishaketi, ikapigwa hodi. Bwana Leodegar huyo mlangoni, tai shingoni, uso umemvimba.

"Mama Farida! Kila siku napiga saa saba, hupokei! Kuna nini?"

Mwanaasha aliiona kazi ikimtoka mbele ya macho yake. Lakini mgeni aliyewakuta watu wanakula hasikilizwi shida yake kabla hajanawa, na Badru alikuwa keshashika birika la maji.

"Karibu mkekani, bosi," Mwanaasha akasema, akisogea kumpisha. "Ya simu baadaye."

Bwana Leodegar alisita. Harufu ya nazi ikamfikia, akavua viatu. Tonge la tatu akalegeza tai. La tano akaulizia pilipili.

Simu ikalia chini ya kawa. Mwanaasha, mazoea yana taabu, akaanza kunyanyuka.

"Kaa," bosi akasema, mdomo umejaa. "Ni Filomena wa ofisini, ananitafuta mimi. Tunakula."

Simu ililia weee, mpaka ikachoka yenyewe. Badru akammegea mgeni samaki, na Mwanaasha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akasikia utamu wa wali wake mwenyewe.

Alipokwisha kunawa, Bwana Leodegar aliitazama ile kawa kitambo.

"Hii umeisuka mwenyewe?"

"Mwenyewe, bosi."

"Nisukie mbili. Kwangu kuna simu mbili, na mke wangu ameshaacha hata kuniwekea sahani."