Togwa ya Mwalimu Lazaro

Enzi zetu mtu alitambulishwa kwa ukoo, siyo kwa namba ya simu, kwa hiyo nianze na waliokuwepo. Alikuwepo Mwalimu Lazaro, aliyetufundisha kusoma na kutuongozea ibada katika kanisa letu la udongo, kule juu Mbozi, ukipanda kutoka Nanyala. Alikuwepo mkewe, Mama Eliza, mtu wa Ileje. Baba yangu, mzee Silumbwe. Shangazi Maria, dada yake baba, ambaye akicheka lazima akae chini. Mjomba Yoramu, kaka yake mama, mzee wa kanisa. Fines, binti wa shangazi. Na mimi, pengo mbele, jembe refu kuliko mwenyewe.

Kwetu ukitaka shamba lilimwe unapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, unaita majirani. Asubuhi jembe, mchana kibuyu. Hakuna pombe, hakuna watu. Sasa Mwalimu Lazaro alikuwa adui wa kimpumu! Alilelewa na baba mwinjilisti, hajawahi kuionja hata kwa ncha ya ulimi. Muumini akilewa, Mwalimu anamtaja, na mtu huyo anakaa benchi la nyuma kanisani wiki nne. Baba alishakaa mara mbili, na sasa alikuwa ameanza ya tatu. Nyumbani akatangaza, "Nimechoka kutazama visogo vya watu. Jumapili hii naenda mara ya mwisho. Na huyu mtoto aache darasa, akafukuze nyani."

Jamani, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimefika ma, me, mi! Nililia mpaka mbuzi wakanishangaa.

Wakati huo mahindi ya Mwalimu yalikuwa yamemezwa na magugu. Mama Eliza akapika togwa ya ulezi, kinywaji kisicholevya kikinywewa mapema, akatia kimea kingi iwe tamu, watu wakaitwa Alhamisi. Mvua ikanyesha. Ijumaa, mvua. Mitungi ikakaa jikoni karibu na moto, imefunikwa vizuri, inatusubiri. Wenzangu mnaoujua ulezi, najua mmeshaanza kucheka.

Jumamosi jua likatoka, watu wakaja. Mchana shangazi Maria akawa wa kwanza kuonja. Akaonja tena. Akampa baba. Baba akanywa, akamwangalia dada yake, kisha akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, togwa hii imebarikiwa."

"Niongezeeni baraka," akasema mjomba Yoramu, mzee wa kanisa mzima!

Mimi na Fines tulipata funda moja moja, shangazi akatupokonya. Lakini Mwalimu alikuwa na kiu ya jua kali. Akamaliza vibuyu vitatu. Hee! Akaanza wimbo wa Krismasi, na Krismasi ilishapita zamani. Akacheza na jembe begani. Akaukumbatia mgomba, akauita ndugu mpendwa, akauuliza mbona hauonekani kanisani. Shangazi alikuwa ameshakaa chini.

"Mwalimu, unajisikiaje?" baba akauliza.

"Nina furaha ya ajabu, mzee Silumbwe. Ila miguu yangu sijui nimeiweka wapi."

"Basi hiyo ndiyo kimpumu, Mwalimu."

Mwalimu akakaa juu ya tuta, mdomo wazi. Mjomba Yoramu akasema, "Haya yaishie hapahapa shambani. Hukujua." Watu wote wakaitikia. Baba peke yake hakuitikia. Njiani akaniambia, "Kesho tutaona. Akifanya kama hakuna kilichotokea, wewe na silabi zako mmeachana."

Jumapili nilimshika Fines mkono mpaka akalalamika. Mwalimu akasimama mbele, macho mekundu, akasimulia yote, hata mgomba hakuuficha. Watu wakacheka hadi machozi. Mjomba Yoramu akainuka, "Basi, Mwalimu, hukukusudia. Anza ibada."

"Mzee Silumbwe naye mara ya kwanza alisema hakukusudia," akajibu Mwalimu. "Tulimsikiliza?"

Kisha akafunga kitabu, akakikabidhi kwa mjomba, akapita katikati ya kanisa kwa miguu yake hadi benchi la nyuma, akasimama mbele ya baba. Baba akamtazama kutoka viatuni hadi usoni. Akasogea.

"Karibu, Mwalimu. Visogo utavizoea."

Ibada ilianza kwa kuchelewa, maana hata mjomba alishindwa kusoma kwa kicheko. Wiki nne walikaa bega kwa bega, maana baba hakuhama hata adhabu yake ilipokwisha. Mwalimu alipoona baba ameshika kitabu cha nyimbo juu chini, akaanza kumwonyesha herufi kwa kidole, polepole, watu wasione. Tuliona. Baba hakuacha kimpumu siku ile, nisidanganye. Aliacha baadaye, kidogo kidogo. Ila nyani hakuwataja tena, na mimi nilisoma mpaka nikaifikia Injili ya Luka. Shule yangu ndiyo hiyo tu, na ndiyo inayoandika haya.

Sasa naishi Tunduma na wajukuu. Mwalimu wao wa Jumapili juzi kawatumia somo kwenye simu: "Watoto, acheni simu." Walicheka, nami nikacheka. Togwa wananunua ya chupa, tamu siku zote, haina hatari na haina hadithi. Siwalaumu, wanajua mengi kuliko sisi. Lakini nawaona wanavyomtazama mwalimu wao, vilevile tulivyomtazama wetu, na natamani siku moja wamwone akikosea, kisha akitembea hatua zile za kwenda nyuma bila kusukumwa.

Kama kuna niliyemsahau, au niliyempa ukoo usio wake, nisahihisheni upesi, maana tunaokumbuka tunazidi kupungua.