Kikombe cha Mwarobaini

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nile mti. Sitanii. Nilifika Sapiwi asubuhi, nikaamkia, "Mwangaluka, baba," nikitegemea kupewa tezo, kile kishoka cha kuchimbia vikombe. Fundi Mkuu, ambaye ndiye alikuwa fundi pekee, akanipa kibanzi.

"Tafuna."

Ndiyo sheria yake: mti hujautafuna, usiuchonge. Kikombe ukishakichonga unakifukia kwenye pumba wiki mbili kikauke taratibu, kisipasuke, halafu unakipaka samli. Na siku ya kukikabidhi, fundi anakinywea kwanza mbele ya mwenye nacho. Wiki nzima nilitafuna kama mbuzi. Nikiuliza lini nitachonga, ananijibu, "Bebe, wewe, mdomo umejaa, bado unalalamika?"

Ukaja wakati wa ruksa, bidhaa zikamwagika kutoka kila upande. Nikahamishiwa sokoni Bariadi, cheo changu Mkuu wa Mauzo. Mauzo gani? Kina mama walinipita wanakimbilia vikombe vya plastiki, vyekundu kama nyanya. Mmoja aligonga chetu akauliza, "Hiki cha kunywea au cha kutwangia?"

"Chagua mwenyewe, mayu," nikamjibu mama huyo.

Hakuchagua.

Halafu mama mmoja wa Sola akaagiza ishirini, vya togwa, harusi ya binti yake. Eti plastiki inanuka duka. Fundi hakukaa chini siku hiyo. "Wageni wa vijiji vitatu watavishika," akasema. "Wakivipenda, tumepona."

Mti mzuri uliishia kikombe cha kumi na mbili. Fundi alikuwa anaumwa mgongo, mimi nina haraka, na nyuma ya nyumba kuna mwarobaini. Najua, najua! Nilijiambia kichungu ni majani, siyo mti. Na kutafuna nilishatafuna vya kutosha. Nikachonga vinane vilivyobaki.

Siku ya harusi Fundi akajaziwa togwa. Kati ya vikombe vyote ishirini, wakampa kimoja cha vile vinane vyangu. Akanywa mpaka chini, shavu halikutikisika. "Karibuni," akasema. Alishajua, ila alitegemea wageni nao watavumilia.

Baba wa bwana harusi akapiga funda moja, akatema. "Jamani, tumeitwa harusini au zahanati?"

Watu wakacheka mpaka ngoma ikasimama. Mama wa bibi harusi akaingia ndani, akatoka na beseni la vikombe vyekundu. Alikuwa navyo tayari! Muda wote!

Njiani, tulipovuka mto, Fundi akaniuliza.

"Ulitafuna?"

"Hapana, baba."

"Basi leo nimekutafunia mimi."

Hakuna aliyeagiza tena. Nikastaafu nina miaka ishirini na tatu, na kiinua mgongo nikapewa kikombe kilekile alichonywea yeye. Ndicho ninachonywea chai mpaka leo. Nyie wadogo zangu mnaouliza kazi ilikuwaje, njooni muonje. Nimeweka sukari vijiko vinne.

Bado kichungu.