Chumba cha Juu ya Uchochoro

Kwetu Mji wa Kale, nyumba ya mama na ya dadake mkubwa zilishikana kwa wikio, chumba chembamba kilichopita juu ya uchochoro. Mahamri yalivuka humo yangali ya moto. Wakinunua doti ya leso Biashara Street, kila mmoja alichukua kipande chake, na wiki ya pili wakabadilishana. Hawakuhitaji kuvaa buibui wala kushuka ngazi.

Mimi ndiye niliyekivunja chumba hicho.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni juzi tu, uhandisi umenipanda kichwani. Asubuhi moja ardhi ilitetemeka kidogo, vikombe vikagongana kabatini, na ufa ukatokea pale chumba kilipoungana na ukuta wa mama mkubwa. Ugonjwa wake niliujua. Nyumba moja ni ndefu, nyingine fupi na imepinda kufuata uchochoro. Zikitikisika, kila moja huenda kwa mwendo wake, na kilicho katikati huraruka. Dawa zilikuwa mbili. Ama kuzitenganisha, ama kuachia upande mmoja wa chumba nafasi ya kuteleza, na kufunga hapo silinda za mafuta mazito, kama zile za karibu na gurudumu la gari, zimeze mtikisiko.

Silinda nilizichora, tena vizuri. Kisha nikaona haya. Wenzangu kazini wangenicheka: nyumba ya mawe na chokaa kufungwa vifaa vya maghorofa ya Japani! Nikaichana karatasi, nikawaambia hapana budi kuvunja.

"Na magoti haya, mwanangu, nitashuka vipi tini?" mama mkubwa aliuliza.

"Mwanetu kasoma, dada," mama akamjibu. "Atwambialo ndilo."

Laiti angenibishia. Tangu siku ile walizungumza dirisha kwa dirisha, kwa kupaza sauti, na ya siri wakayanyamazia. Nyonga ya mama nayo ikaharibika. Ardhi haikutetemeka tena.

Mama mkubwa alipozidiwa, nilikuwa nimeketi kitandani pake. Majirani walikuwa wakimshusha mama kwa kiti, na kiti kikakwama kwenye kona ya ngazi. Safari iliyokuwa hatua sita iliwachukua karibu saa nzima. Alipofika, nilikuwa nimeshamfumba dadake macho.

Mama alimshika dadake mkono. "Aliniita?" akaniuliza.

Mama mkubwa alikuwa amemwita mara nyingi, kwa jina la utotoni, mpaka sauti ikakatika. Nikamwambia hapana, alilala tu.